Mazoezi ya mtoto yakizidi, mzazi ndiye wa kwanza kujua

Saa 11 alfajiri mtoto wa miaka 13 anaamka kukimbia. Jioni anabaki shuleni na timu inayojiandaa kwa UMITASHUMTA, Jumamosi yuko kwenye kituo cha soka, Jumapili ana mechi ya mtaani. Wazazi wanashukuru kwamba hazururi. Wiki chache baadaye kasi inapungua, mwalimu anamwita mvivu na kumwongezea mizunguko ya uwanja.

Mwalimu wa shule anahesabu saa zake, kocha wa kituo anahesabu zake. Anayeweza kuzijumlisha zote ni mzazi.

Mazoezi ni muhimu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 awe na wastani wa dakika 60 kwa siku za kucheza na kufanya mazoezi. Lakini mazoezi makali huchosha misuli na kuichubua kidogo kidogo, na mwili hujirekebisha wakati wa kula, kupumzika na kulala. Bila muda huo, mtoto anashuka kiwango hata akijituma zaidi.

Dalili za kuangalia

Mtoto analala lakini anaamka amechoka. Hamu ya kula inapungua, anakasirika ovyo, anasinzia darasani, anapata mafua mara kwa mara. Mchezo alioupenda anaanza kuutafutia visingizio. Msichana aliyekuwa akipata hedhi, ikikatika kwa miezi kadhaa, apelekwe kwa daktari. Huenda chakula anachokula hakilingani na nguvu anazotumia.

Maumivu nayo yana maana. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya mazoezi ni kawaida. Maumivu yanayorudi mahali palepale, hasa chini ya goti, kisigino au mfupa wa mguu, si ya kukandwa na kuachwa. Ncha za mifupa ya mtoto anayekua zina sehemu laini inayoongeza urefu, nayo huumia kirahisi kuliko mfupa uliokomaa. Kumpa dawa ya maumivu ili acheze ni kuficha jeraha.

Uchovu unaweza pia kutokana na malaria au upungufu wa damu, hivyo vipimo ni muhimu. Mwenye selimundu asianze mazoezi makali bila ushauri wa daktari.

Hatari ya haraka

Mkojo ukibadilika na kuwa kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, huku misuli ikiuma sana au kuvimba, mtoto awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda misuli imeharibika na mabaki yake yanaweza kudhuru figo. Hali hiyo inaweza kumpata hata asiye mwanamichezo, kwa mfano aliyeadhibiwa kwa kurushwa kichura mara nyingi mfululizo.

Jinsi ya kuzuia

Mzazi aandike kwenye daftari saa zote za wiki: shule, kituo na mtaani. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto apate angalau siku moja au mbili kwa wiki bila mazoezi ya mchezo wake, na miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka ya kuupumzisha mchezo huo, hata kwa vipande. Muda na ugumu wa mazoezi viongezwe taratibu.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11 kukimbia inabidi awe amelala kufikia saa 3 usiku. Asitoke mazoezini akakaa na njaa hadi usiku. Viazi, ndizi, uji, maharage au mayai vinatosha, pamoja na maji.

Kisha daftari lile lipelekwe kwa mwalimu na kocha wa kituo. Wakiziona saa zote kwa pamoja, ni rahisi kukubaliana zipi zipunguzwe.