MIPIRA YETU NA KIWANDA



Matawi kadhaa yametuletea lalamiko moja: mipira iliyonunuliwa kwa michango ya wafanya kazi imefumuka kabla mashindano ya matawi hayajakwisha. Kiwanda kimeandikiwa, nacho kimejibu kwa mstari mmoja tu, kwamba mipira imechakaa kwa kutumiwa. Wengine wenu mwasema tunyamaze, tuchange tena. Sisi hatukubali. Shilingi ya mfanya kazi hutoka kwa jasho, wala hailipi kosa la mwingine.

Lakini haki haidaiwi kwa makelele. Yatupasa kwanza tuseme kweli sisi wenyewe. Mpira uliochezewa miezi mingi juu ya changarawe, ngozi yake ikakwaruzika na kubanduka, huo umechakaa, na kuudai ni kujivunjia heshima. Mpira ambao ngozi yake ingali nzima lakini uzi wa mshono umekatika, au uliovimba upande mmoja kama jipu, huo una kasoro ya kiwandani. Tusiitie yote katika gunia moja. Kiwanda kikiona mmoja mchakavu kitapata sababu ya kuikataa yote.

Vipimo vipo. Sheria ya pili ya mchezo yataka mpira uwe na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, na uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Utepe wa fundi cherehani na mizani ya duka vyatosha. Pimeni siku mpira unapofika, mwandike daftarini pamoja na tarehe.

Sheria ya nchi nayo iko upande wetu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 champa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara iletwayo na kasoro. Tena Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yamfunga muuzaji. Kwa hiyo barua iende kwanza kwa mwenye duka aliyepokea fedha zetu, na nakala kwa kiwanda. Lakini aendaye kununua aikague mipira sawasawa, kwa maana kasoro aliyopaswa kuiona alipokagua hawezi kuidai baadaye.

Tawi lisiandike peke yake. Kila karani wa tawi amletee Katibu mipira yenye kasoro, risiti na daftari. Itaandikwa barua moja, yenye dai moja: mipira mingine au fedha zetu, katika siku 14. Wakikataa, iko Mahakama ya Madai Madogo, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambako mdai aweza kujisemea bila wakili.

Neno la mwisho. Tusimtukane mshonaji. Huko Sialkot, Pakistan, mji unaojulikana kwa kushona mipira kwa mkono, ilibidi mwaka 1997 yafanywe mapatano ya kuwaondoa watoto katika kazi hiyo. Uzi mbovu hauchaguliwi na yule ashonaye, bali na yule ahesabuye faida. Dai letu ni kwake huyo.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.