Shamba unalifanyia sachi, mbona tovuti unaiamini tu?

Hii picha unaijua. Umeketi saiber hapa Malakisi, foleni iko nyuma yako, na fomu ya kuomba kazi inafungwa leo usiku. Mara ukurasa unakataa na onyo linatokea kwamba muunganisho wako si salama. Unamwita jamaa wa saiber. Anainama, anabonyeza mara mbili, anakwambia, "Hiyo hutokea tu, endelea." Nawe unaendelea: nambari ya kitambulisho, nywila, kila kitu.

Mara nyingi jamaa hakudanganyi. Ile betri ndogo ya duara ndani ya kompyuta ikiisha, stima ikipotea mashine husahau tarehe. Ikiwashwa inadhani tuko 2012. Cheti cha usalama cha tovuti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana kama kimetoka siku ambazo hazijafika, na brauza inakikataa. Dawa ni kurekebisha tarehe, kazi ya dakika moja. Lakini sisi tumezoea kuruka onyo. Siku mwizi atakapojiweka kati yako na tovuti, onyo litafanana na hilo hilo, na kidole chako kitabonyeza bila kufikiri.

Sasa jiulize. Ukinunua shamba hapa Bungoma, unaamini hati kwa sababu muuzaji ameishika mkononi? La. Unaenda ofisi ya ardhi, unafanya sachi, unasoma jina la mwenyewe, unabaki na karatasi. Naona tovuti inayotaka kitambulisho chako inastahili sachi pia, na haina malipo.

Kwenye kompyuta yenye Firefox, bonyeza kufuli kando ya anwani, fuata maelezo zaidi ya muunganisho, kisha fungua cheti. Chini ya ukurasa huo kuna mahali pa kukipakua. Kwa Chrome, bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia kwenye usalama wa muunganisho, fungua cheti, halafu kwenye sehemu ya maelezo utapata njia ya kukihifadhi kama faili.

Soma vitu vitatu: kimetolewa kwa jina gani la tovuti, kimetolewa na nani, na kinaisha lini. Ukiona mtoaji ni jina geni, na ukifungua tovuti hiyo hiyo kwa data ya simu yako unaona mtoaji mwingine kabisa, simama hapo. Usiandike nywila. Hifadhi cheti hicho umwonyeshe mtu anayeelewa. Hiyo faili ndiyo ushahidi wako. Bila hiyo utabaki kusema "kulikuwa na kitu kitu hivi kwa skrini".

Lakini usichanganye kuhifadhi na kuamini. Mtu akikwambia uweke cheti chake kwenye simu ndipo intaneti ifunguke, kataa. Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan iliwataka raia waweke cheti cha aina hiyo, ambacho kingeiwezesha kusoma mawasiliano yao. Google, Mozilla na Apple walikizuia kwenye brauza zao. Kama kampuni hizo zilikiogopa, wewe una haraka ya nini?

Na usidhani cheti halali ni kiapo cha uaminifu. Tangu 2015 Let's Encrypt inatoa vyeti bure, na tapeli pia anaweza kukipata. Kinathibitisha jina la tovuti tu, hakithibitishi roho ya mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 2023 Chrome iliondoa alama ya kufuli: watu waliona kufuli wakadhani tovuti ni ya kweli. Kwa hivyo soma jina lote hadi mwisho. Tovuti ya serikali yetu ikiishia na go.ke, sawa. Ikiwa na neno "serikali" katikati halafu mwisho wake ni kitu kingine, hiyo ni mitego.

Wenye saiber, nunueni hizo betri, jamani. Na wewe unayesoma hii, kabla ujaze fomu nyingine, angalia tarehe iliyo kwenye pembe ya skrini. Kama si ya leo, mwambie jamaa airekebishe kwanza. Foleni itangoja.