Kachumbari ya Matunda ya Mswaki

 

Ndugu msomaji, wiki hii tumeingia jikoni, mahali ambapo watu wa nyumbani kwetu husema hatuonekani ila chakula kikichelewa. Aliyetuingiza ni binti yetu. Alikuwa ameona katika simu yake namna ya kutengeneza salsa, ambayo ni kachumbari ya watu wa Meksiko, ila hii ilikuwa ya matunda: stroberi na matunda mengine madogo madogo ya nchi za baridi, yaliyokatwa na kutiwa ndimu, pilipili na dania. Tulikuwa tukitarajia wageni kutoka Mombasa, naye alitaka kuwaandalia. Akatuomba fedha ili aagize matunda hayo Nairobi, yaletwe kwa basi.

"Baba, hapa Isiolo hakuna matunda ya namna hiyo," alisema.

Neno hilo lilituchoma kidogo, kwa kuwa tuliwahi kulisema sisi wenyewe, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nasi hatukuishia kulisema kwa ulimi tu.

Tulipofika Isiolo kusomesha, tulikuwa na ujana na kiburi cha mtu wa Pwani aliyekulia chini ya miembe na mizambarau. Tuliona migunga, vumbi na upepo, tukahukumu kwamba ardhi hii imenyimwa. Embe na ndizi zilitoka Meru, na mengineyo tuliyakosa tukanung'unika. Miongoni mwa wanafunzi wetu wa madrasa alikuwapo mtoto mmoja wa wafugaji, aliyekaa mjini kwa shangazi yake ili asome. Siku moja aliporudi kutoka kwao, ng'ambo ya mto Ewaso Ng'iro, alituletea mkebe wa samli uliojaa matunda madogo kama shanga, mengine mekundu, mengine yamekaribia weusi. Akaupokeza kwa mikono miwili na kusema, "Maalim, haya ni yako."

Tulimshukuru. Lakini tulipoyanusa tulipata harufu kali tusiyoizoea, tukajisemea kwamba hicho ni chakula cha mbuzi. Mkebe ukakaa dirishani siku mbili. Siku ya tatu tuliwamwagia kuku. Mtoto yule alikuwa uani akifagia, naye akaona. Hakusema kitu, akaendelea kufagia.

Baada ya miezi kadhaa tulikuwa tukiwasomea wanafunzi Hadithi iliyopokewa na Jabir bin Abdillah (r.a.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim. Anasimulia kwamba walikuwa pamoja na Mtume (s.a.w.) mahali paitwapo Marr al-Zahran, karibu na Makka, wakichuma kabath, naye akawaelekeza wachague yaliyo meusi, kwa kuwa ndiyo mazuri zaidi. Masahaba wakatambua kwamba maarifa hayo ni ya mtu aliyewahi kuchunga, wakamuuliza, naye akawajulisha kuwa hapana Nabii ambaye hakuchunga.

Tukawafasiria wanafunzi kwamba kabath ni tunda la mti wa araki, yaani mti wa mswaki. Mmoja akauliza tunda hilo likoje. Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesoma neno hilo kitabuni na kulihifadhi, lakini hatukuwahi kuliona tunda lenyewe, au tulidhani hivyo. Ndipo yule mtoto alipoinua mkono.

"Maalim, ni yale niliyokuletea."

Ndugu msomaji, tuliona haya. Na badala ya kumwomba radhi mbele ya wenzake, tulifungua ukurasa uliofuata na kuendelea na darsa.

Mti huu kwa Kiturkana huitwa esekon, na kwa Kisomali, caday. Huota kandokando ya mito ya nchi kavu, na vichaka vyake ni vingi kwenye kingo za Ewaso Ng'iro. Hata huko kwetu Pwani upo, katika ardhi ya chumvi karibu na mikoko. Sote twautumia kusugulia meno, na wengi wetu hatujui kwamba unazaa. Tunda lake halifikii ukubwa wa punje ya dengu iliyorowekwa. Lina mbegu moja ndani, na ladha yake huanza kwa utamu kisha huja ukali mdogo kama wa haradali. Lililoiva hadi kuwa jeusi ndilo tamu zaidi, kama alivyoelekeza aliyeyajua, swala na salamu zimshukie.

Basi binti yetu alipotaja Nairobi, tulimwambia asubiri. Tulimpigia simu yule mwanafunzi wetu, ambaye leo ni mtu mzima mwenye watoto na ngamia wake. Tulimuuliza kama matunda ya mswaki yameiva huko kwao. Kisha tukamwambia habari ya mkebe, na kwamba tunamwomba radhi. Alicheka, akasema, "Maalim, hayo nimeshayasahau." Hatukuamini kwamba amesahau, ila tulimshukuru kwa kusema hivyo. Asubuhi ya pili mama mmoja aletaye maziwa ya ngamia mjini alibisha mlangoni kwetu akiwa na kibuyu chake, na mkebe.

Sasa tueleze kachumbari yenyewe, kwa watu sita. Chukua maembe mawili yaliyoiva lakini bado magumu, kipande cha tikiti maji chenye ukubwa wa viganja viwili, tango moja, nusu ya kitunguu maji, pilipili mbichi moja, ndimu mbili, kishungi cha dania, na kikombe kimoja cha matunda ya mswaki yaliyoiva sana. Matunda yote yaoshwe kwa maji safi, na kama maji ya mfereji hayaaminiki, yatumiwe yaliyochemshwa na kupozwa. Hili tusilipuuze, kwa maana chakula kisichopikwa hakina moto wa kukisafisha.

Kitunguu kikatwe chembamba, kifikichwe kwa chumvi na kusuzwa, kama tufanyavyo katika kachumbari yetu ya kila siku, ili ukali wake usiyafunike matunda. Embe, tango na tikiti vikatwe vipande vidogo vya kadiri moja. Tikiti liachwe kidogo katika chujio lidondoshe maji. Pilipili itolewe mbegu na kukatwa ndogo kabisa. Changanya vyote kwa upole na ukamulie ndimu. Matunda ya mswaki yatiwe mwisho, bila ya kupondwa, yasije yakageuza rangi ya vyote. Chumvi nayo inyunyizwe wakati wa kuandaa meza, kwa sababu huvuta maji ya matunda, na ikitangulia utapata mchuzi badala ya kachumbari. Wajulishe walaji kwamba kuna mbegu, na watoto wadogo watolewe mbegu hizo kwanza.

Mpangilio huu wa kitamu kwa kikali, cha joto kwa cha baridi, si jambo geni kwetu. Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (r.a.), katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akila tikiti pamoja na tende mbichi, akieleza kwamba ubaridi wa kimoja huvunja joto la kingine. Nyumbani kwetu tuliila kachumbari hiyo kwa nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaushwa na kukaangwa, ihifadhiwayo katika mafuta yake. Uchachu wa ndimu uliyakata mafuta, na ule ukali wa tunda la mswaki ukabaki ulimini kwa muda.

Msomaji wa Pwani asiyepata tunda hili atumie zambarau zilizokatwa mbali na kokwa zake, au forosadi, au kunazi mbivu. Mwenye stroberi karibu naye hana lawama. Tahadhari mbili: usichume tunda la porini usilolijua mpaka akuoneshe ajuaye, kwani yako yafananayo na ya kuliwa nayo ni sumu, na mwenye maradhi ya sukari asijidanganye kwamba tunda si sukari, bali apime kiasi chake. Kachumbari hii iliwe siku ile ile.

Mgeni wetu mmoja, mzee wa makamo, alionja, akauliza tunda hilo jeusi limetoka nchi gani. Binti yetu akamjibu kwamba limetoka ng'ambo ya mto, na kwamba ni tunda la mswaki alionao mfukoni mwake. Mzee akautoa mswaki wake, akautazama, kisha akaongeza kijiko.

Twakumbuka pia kwamba juu ya mti huu huu wa araki Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alikuwa akikata miswaki, upepo ukamfunua miundi yake myembamba, watu wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawauliza wanachokicheka, kisha akawajulisha kwamba miundi hiyo katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud. Nasi tulikidharau kilichotoka mti huo, na katika kukidharau tulimdharau mtoto aliyekileta. Mtoto hupima heshima yake kwa jinsi zawadi yake inavyopokewa. Akikuletea tunda usilolijua, lionje mbele yake. Muulize jina lake, limeota wapi, na nani kwao hulichuma. Huenda akawa anakusomesha neno ambalo umelibeba kifuani miaka mingi bila ya kujua sura yake.

Ule mkebe tumeuosha, na utarudi kwa mwenyewe pamoja na tende za Madina na halua ya Lamu waliyotuletea wageni. Twamwomba Allah atusamehe tulichokidharau katika riziki Yake, na awape heri watoto wetu wote, wa mjini na wa malishoni. Amin.

Wabillahi tawfiq.