Pikapu za Namba ya Jirani

Ndugu zetu watumishi, yamezuka mazungumzo mengi maofisini juu ya pikapu zilizokwisha kutumika zinazoletwa kutoka Kenya kwa njia ya Namanga, Holili, Horohoro na Sirari, na wengi wa wanaozisifu ni watu wa chama chetu hiki hiki. Husema kwamba bei yake ni nafuu, kwamba zimezoea barabara kama zetu, na kwamba mwenye kuuza huileta mpaka mlangoni pa mnunuzi. Sisi hatuna ugomvi na pikapu. Mtumishi mwenye shamba la migomba, au ambaye mkewe auza mbao, ana haki ya kutaka chombo cha kubebea mizigo, na Mungu amjalie akipate. Ugomvi wetu ni na desturi hii mpya ya kuinunua motokaa ingali na namba ya Kenya, haijalipiwa ushuru hapa kwetu, kisha kuiendesha kimya kimya huku tukiambizana kwamba mambo ya karatasi yatafuata. Jambo hili lina jina lake la zamani, nalo ni magendo. Twalitaja jina hilo kwa kuwa naona haya imewafanya wengi walipambe kwa majina mengine.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Mgeni avukaye mpaka na motokaa yake hupewa kibali cha kuitumia nchini kwa muda, naye hufungwa na sharti la kuirudisha kwao. Dalali huingia kwa kibali kama hicho, akauza, akapanda basi akarejea alikotoka. Anachomwachia mnunuzi ni ufunguo, nakala ya hati ya umiliki yenye jina la mtu wa tatu asiyejulikana, na namba ya simu ambayo baada ya majuma mawili haiitiki tena. Muda wa kibali ukiisha, kile kilichoegeshwa uani ni bidhaa isiyolipiwa ushuru, hata kama umekwisha kuipaka rangi mpya na kuipa jina la mwanao.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 200, haimtazami mvushaji peke yake. Humshika pia aliyeipata bidhaa ya namna hiyo na aliyeiweka, ikiwa alijua, au ilimpasa kujua, kwamba ushuru wake haukulipwa. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani itozwayo ushuru, au vyote viwili, na bidhaa yenyewe yaweza kutaifishwa. Twaomba wasomaji wayarudie maneno hayo machache, "ilimpasa kujua". Mvuvi au mchunga ng'ombe huenda akasimama mbele ya hakimu akasema hakufahamu, na hakimu akamsikiliza. Lakini karani, ashindaye kutwa akigonga mihuri juu ya hati za watu, na ambaye jana tu alimrudisha mama mzee kijijini kwa sababu jina lake lilikosewa herufi moja, yeye atasema nini?

Wako wanaotujibu kwamba motokaa hizo zilikwisha kulipiwa ushuru Mombasa, na ya nini kulipa mara ya pili, nasi tu ndugu katika Jumuiya moja? Jawabu hili lina sura nzuri, lakini halisimami. Ushuru uliolipwa Mombasa ulilipwa kwa Serikali ya Kenya kwa motokaa itakayotumika Kenya. Katika mpango wa Himaya Moja ya Forodha, ulioanza kutekelezwa mwaka 2014, kodi ya bidhaa itokayo nje huenda kwa nchi ambako bidhaa hiyo itatumika. Zipitazo bila ushuru ni bidhaa zilizo asili ya nchi wanachama, zenye cheti cha kuthibitisha asili yake. Motokaa iliyoundwa Japani au Thailand haipati uraia kwa kunywa maji ya Mombasa miaka sita. Hata ile iliyounganishwa katika viwanda vya Nairobi, Thika au Mombasa haijithibitishi yenyewe kwa kupiga honi mpakani. Cheti ndicho kisemacho.

Sasa na tupige hesabu, maana wengi wetu hesabu ndiyo kazi yetu, lakini tukifika kwenye motokaa twaisahau. Tuseme Forodha imekadiria pikapu kuwa na thamani ya shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 2,500,000. Juu ya jumla hiyo ya 12,500,000 huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani shilingi 2,250,000. Hizo peke yake ni shilingi 4,750,000, nasi hatujagusa ushuru wa bidhaa, wala ule uitwao wa uchakavu unaoongezwa kwa motokaa zilizozidi umri, wala tozo nyingine, wala gharama ya wakala wa forodha na ya usajili. Tena wasidhani kwamba wataandikisha risiti ya bei ndogo wakapona. Mamlaka ya Mapato ina makadirio yake ya thamani za motokaa zilizotumika, na kikokotoo chake kimewekwa wazi katika tovuti, kila mtu aweza kukitazama kabla hajaagana na fedha yake. Anayefanya hivyo mara nyingi hugundua kwamba unafuu aliosifiwa ni ile kodi isiyolipwa, wala si kitu kingine.

Na hiyo ni hatari ya upande wetu wa mpaka tu. Upande wa pili iko nyingine ambayo madalali hawaitaji kamwe. Huko Kenya ni jambo la kawaida mtu kukopa fedha kwa kuweka rehani hati ya motokaa yake, ile waiitayo logibuku, naye akaendelea kuiendesha. Sheria yao ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali zinazohamishika iliweka daftari la kuandikia rehani za namna hiyo, na dai la mkopeshaji laweza kuifuata motokaa hata mikononi mwa mnunuzi. Basi mtu ashindwaye kulipa deni lake Nakuru huona afadhali aiuze Arusha. Mwingine anauza ya wizi. Mwuzaji wa haki hachukizwi ukimtaka mwende pamoja kutafuta taarifa za motokaa katika mamlaka ya usafiri ya kwao, iitwayo NTSA, wala hasiti kuifuta katika daftari la Kenya kabla ya kuihamisha, wala haogopi polisi wa Interpol waisome namba ya chesi na ya injini. Anayeanza kutazama saa yake mnapoyataja hayo, mwacheni aende zake na ufunguo wake.

Juu ya ubovu wa vyombo vyenyewe hatutasema mengi, kwa kuwa mafundi wapo. Pikapu ni mnyama wa kazi, na iliyobeba mawe miaka kumi haiwi kijana kwa kupigwa rangi. Mtu alale chini aikague chesi kama ilikatwa ikaungwa, hasa ile iliyokaa pwani ikaliwa na chumvi. Asiridhike na viti vipya.

Wala hatusemi kwamba Serikali haina sehemu yake. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, na mwananchi aliyesikia hotuba zile kwa masikio yake ana sababu ya kushangaa anapoona kizuizi kimesimama palepale. Kama ni lazima alipe, na aelezwe anacholipa kwa lugha yake. Twataka mfano wa hesabu kama ule tulioufanya hapa ubandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mahali pa wazi katika kila kituo cha mpakani na katika kila ofisi ya mapato ya wilaya, pamoja na onyo kwamba motokaa iliyoingia kwa kibali cha muda haiuziki. Karatasi moja ingewanyima madalali nusu ya maneno yao. Watakaosema ni kazi kubwa, sisi makarani twajua kwamba ni kazi ya asubuhi moja.

Lakini neno lililotusukuma kuandika ni la wadhamini. Pikapu hizi hazinunuliwi kwa akiba ya mtu mmoja. Hununuliwa kwa mikopo ya vyama vyetu vya akiba na mikopo, na kila mkopo una wenzetu wawili au watatu walioweka sahihi zao chini. Motokaa ikikamatwa ikaingizwa katika ua wa forodha, makato hayakamatwi pamoja nayo. Huendelea mwezi kwa mwezi katika mshahara wa mkopaji. Na mkopaji akisimamishwa kazi kwa ajili ya shauri hilo, makato hugeukia mshahara wa mtu ambaye hakupata hata kupanda nyuma ya pikapu hiyo siku moja. Watoto wake ndio watakaokosa ada, kwa sababu alimwonea mwenzake huruma akatia sahihi kwenye meza ya chai.

Kwa hiyo twaleta shauri hili mbele ya wanachama, lizungumzwe katika mkutano mkuu ujao. Mwanachama yeyote asitie sahihi ya udhamini kwa mkopo wa kununua motokaa yenye namba inayoanza na herufi K, mpaka ameonyeshwa makadirio ya kodi yaliyotolewa na Forodha na barua ya wakala atakayeilipa. Na mkopo wenyewe uhesabiwe pamoja na kodi hiyo, fedha ya kodi isipite mkononi mwa mwuzaji. Tumekwisha kusikia kwamba wako watakaotuita wapelelezi wa Mamlaka ya Mapato. Na waje mkutanoni wayaseme hayo kwa kusimama, na kila mmoja wao aje na kadi ya motokaa yake.