Tuwape Wanachuo Maandishi Asilia ya Programu

Ziko njia mbili za kumpatia mtu programu ya kompyuta. Ya kwanza ni kumpa programu iliyokwisha kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine. Ya pili ni kumpa maandishi asilia, kama mtungaji alivyoyaandika, naye ayatafsiri kwa kompaila iliyo katika kompyuta yake. Wauzaji wengi hupendelea ya kwanza, na wana sababu: programu huanza kazi papo hapo, mnunuzi hahitaji kompaila, na siri za mtungaji hazionekani kwa urahisi. Lakini darasa si duka, na nionavyo mimi sisi walimu tunakosea tunapoiga desturi hiyo.

Katika miaka ya 1976 na 1977 John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliwatayarishia wanafunzi wake maandishi asilia ya kiini cha Unix, toleo la sita, pamoja na kitabu cha ufafanuzi. Mistari yenyewe haikufika 10,000. Mwanafunzi mwenye bidii aliweza kuisoma yote na kuona jinsi kompyuta inavyogawa muda wake baina ya kazi nyingi. Toleo la saba lilipotoka mwaka 1979, leseni ya AT&T ilikataza maandishi hayo yasisomwe darasani. Andrew Tanenbaum, aliyekuwa akifundisha Amsterdam, ameeleza kwamba vyuo vingi viliiacha Unix vikabaki na nadharia tupu. Yeye akatunga Minix, akaitoa mwaka 1987 pamoja na maandishi yake kitabuni. Kitabu cha Lions nacho kilipita mkono kwa mkono kwa fotokopi mpaka kilipochapishwa rasmi mwaka 1996. Ni vitabu vichache vya kiada vinavyotamaniwa hivyo!

Wenzangu wengine husema kwamba kompyuta zetu ni dhaifu, na kwamba kutafsiri programu kubwa humaliza kipindi chote. Hoja hii ina uzito. Basi programu kubwa zije zimekwisha kutafsiriwa, kompaila ikiwamo, na wanachuo wapewe maandishi ya programu ndogo. Tena, chumba chenye kompyuta za aina mbalimbali hufaidika na maandishi asilia, kwa kuwa lugha ya mashine ya aina moja haieleweki na nyingine.

Napendekeza somo moja la kuanzia. Mwalimu agawe programu fupi ya lugha ya C inayotafuta wastani wa alama kwa namba nzima tupu, hata wastani wa 50 na 51 utoke 50. Wanachuo watafute kosa, walisahihishe, waitafsiri programu upya na kuijaribu. Mwishowe wafungue faili lililotafsiriwa kwa programu ya kuandikia, waone vurugu ya alama iliyomo, kisha waulizwe: mngepewa hili peke yake, kosa mngelitafutia wapi?