Shida Si Vitu Vyako, Shida Ni Ukuta Uliokatazwa Msumari



Leo acha niseme hii kitu hata kama kuna landilodi ataninunia. Kila nikifungua simu kuna mtu ananifunza kupanga keja. Yeye mwenyewe ana chumba unaweza kufanyia harusi, dirisha limetoka darini hadi sakafuni, halafu ananiambia siri ni kupunguza vitu. Tupa usichokipenda. Nunua vikapu kumi vinavyofanana. Bandika lebo. Kwisha.

Mimi naishi Githongo, chumba cha futi kumi kwa kumi. Hivyo vikapu kumi nitaviweka wapi, kichwani?

Tupige hesabu kidogo. Futi kumi kwa kumi ni futi 100 za mraba. Kitanda cha nne kwa sita kinakula 24, yaani karibu robo ya chumba imeenda kabla hujaweka hata kijiko. Ongeza mtungi wa gesi, ndoo mbili za maji, meza, kiti, viatu vyenye tope la huku kwetu kwenye majani chai, na usisahau mlango nao unataka nafasi ya kufunguka. Halafu Jumamosi mathe anakutumia gunia la viazi na mkungu wa ndizi kwa bodaboda, bila kukuuliza una pa kuweka. Huwezi kukataa. Hicho ndicho chakula cha mwezi.

Ndiyo maana hii injili ya kutupa vitu inanikera. Marie Kondo, yule Mjapani aliyetoa kitabu chake 2011, alifundisha dunia nzima kushika kila kitu na kujiuliza kama kinakupa furaha. Sina ubaya naye. Hata mwenyewe Januari 2023 alikiri kwamba tangu apate mtoto wa tatu, nyumba yake haiko nadhifu kama zamani. Lakini nenda ushike gambuti uulize kama zinakupa furaha. Hazikupi. Ngoja mvua ya Aprili uone kama utazitafuta au hutazitafuta. Ndoo ya tatu haikupi furaha, mpaka siku mfereji unakauka. Mtu wa kutupa na kununua tena ni mtu mwenye pesa ya kununua mara mbili. Kwetu kitu kilichowekwa vizuri ni akiba, sawa na pesa iliyo kwa M-Pesa.

Kwa hivyo usiniambie nina vitu vingi. Niulize kwa nini vyote viko chini.

Ingia jikoni kwa shosho wangu. Ni padogo kuliko chumba changu, na hukanyagi kitu. Juu ya moto kuna uchaga, kuni zinakaukia hapo. Mahindi ya mbegu yananing'inia kwenye moshi ili wadudu wasiyaguse. Viondo viko kwenye vigingi ukutani. Chakula kingi kilikuwa nje kwenye ghala lililoinuliwa kwa miguu ya miti, mbali na unyevu na panya. Sakafuni kuna mawe ya jiko, vigoda, na miguu ya watu. Nilimuuliza nani alimfundisha kupanga hivyo. Akanicheka: "Mjukuu wangu, nyumba ilijengwa na mtu aliyejua tuna vitu."

Rudia hiyo sentensi polepole. Nyumba ilijengwa na mtu aliyejua tuna vitu.

Na si Meru pekee. Shuka hadi pwani, Lamu, mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Vyumba vya zile nyumba za mawe ni vyembamba, karibu mita tatu hivi, kwa sababu dari ilishikwa na boriti za mikoko na boriti ina mwisho wake. Mita tatu ni kama futi kumi. Upana ule ule wa chumba chako! Najua zilikuwa nyumba za matajiri, na vyumba vyao vilikuwa virefu kuliko hivi vyetu. Lakini fundi alifanya nini na ukuta? Aliujengea zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu, vikawekwa sahani na vyombo vya thamani. Vilikuwa vya urembo pia, sawa, lakini vilikuwa sehemu ya nyumba tangu siku ya kujengwa. Mpangaji hakuletewa ukuta mtupu akaambiwa ajipange.

Sasa njoo kwa ploti zetu, iwe ni Githongo, Nkubu, Makutano pale Meru mjini, Embu au Nairobi. Unapewa kuta nne, balbu moja katikati, soketi moja, na sheria moja: hakuna kupigilia msumari.

Nilipohamia keja yangu ya kwanza niliomba kwa heshima kabisa. "Mzee, naweza kuweka rafu moja tu hapa juu ya meza?" Akaangalia ukuta kama ni mtoto wake. "Kijana, ukitoboa huo ukuta, dipoziti sahau." Basi nikaheshimu ukuta wa wenyewe. Nguo zikakaa kwa mfuko chini, umeegemea pembeni. Makaratasi yangu yote yakaingia kwenye begi, begi likaenda chini ya kitanda, likagusa ukuta wa nyuma. Mvua ndefu zikaja. Mnajua baridi ya hizi milima. Ukuta ulitoa jasho wiki baada ya wiki na mimi sikuwa naangalia huko nyuma.

Siku ya intavyu ya kazi nilivuta begi nikakuta cheti changu cha KCSE kimeota ukungu kwenye kona. Nilikifuta kwa shati nikienda stejini. Yule mama wa ofisi alikishika kwa vidole viwili. Kazi sikupata, na siwezi kuapa ni kwa sababu ya hilo doa, lakini mpaka leo nikikitoa natoa na maelezo.

Na mimi nilipoteza kona ya karatasi tu. Kuna familia za watu wanne kwenye chumba kama changu, na kwa sababu kila kitu lazima kikae chini, mtungi wa gesi unawashwa futi mbili kutoka godoro la mtoto. Mafuta ya taa yamekaa karibu na unga. Dawa ziko pale mtoto anaweza kufikia. Huwezi kuniambia hiyo ni mambo ya urembo wa nyumba.

Turudi kwa hesabu. Ukuta mmoja wa futi kumi, mbao tatu za upana wa futi moja, moja juu ya nyingine. Hizo ni futi 30 za mraba za kuweka vitu, na hakuna hata inchi ya sakafu iliyoguswa. Mwenye ploti akikukataza rafu, amekunyima nafasi inayokaribia theluthi moja ya sakafu unayoilipia. Kodi unalipa ya chumba kizima, lakini unaruhusiwa kutumia mpaka usawa wa magoti tu.

Nasikia landilodi akisema, "Wapangaji wanatoboa, wanahama, wananiachia mashimo." Hiyo ni kweli, na plasta yenye mchanga mwingi ikipigwa msumari inabomoka kipande kizima. Sawa mzee, usiniache nitoboe. Weka wewe. Wakati wa kujenga, mwambie fundi afunge mbao mbili za mlalo kwenye ukuta mmoja, zishikwe vizuri, mpangaji atundike rafu hapo bila kugusa plasta. Huku grevilea zimejaa kwenye mipaka ya mashamba ya kahawa. Mbao hatuagizi ng'ambo. Kama ulipata pesa ya tailsi na rangi ya geti ili upandishe kodi, usiniambie mbao mbili zitakufilisi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya nyumba inayofikika na inayotosha. Sisemi Katiba imetaja rafu. Nasema "inayotosha" haiwezi kumaanisha sanduku la mawe la kulalia, vitu vyako ujijue.

Na sisi wapangaji tuna makosa. Tukienda kuangalia keja tunauliza maji, stima ni ya tokeni au ya kugawana, na mtandao unashika? Ukuta hatuulizi. Uliza kabla ya kutoa dipoziti, maana ukishalipa huna nguvu tena. Akikubali rafu, andikeni kwenye makubaliano kwamba ukihama utaziba mashimo na kupaka rangi. Tukiuliza kumi kwenye ploti moja, wa kumi na moja ataikuta tayari.

Ukikatazwa kabisa, usikae na hasira bure. Inua kitanda kwa mawe manne ya ujenzi ya inchi tisa. Chini yake unapata futi 24 za mraba, na lile sanduku lako la bati la bodi linarudi kazini. Mwambie fundi akutengenezee rafu ya kusimama yenyewe, ndefu kuliko pana, isiyohitaji msumari. Vizito viweke chini, makaratasi juu ndani ya mfuko wa plastiki. Msimu wa mvua acha upana wa kiganja kati ya vitu na ukuta, hewa ipite. Gesi ikae karibu na mlango au dirisha, kamwe isikae kando ya godoro.

Lakini usisahau hizo ni mbinu za kuishi na kosa la mtu mwingine. Usikubali mtu mwenye chumba cha harusi akuaibishe kwa sababu una ndoo tatu na gunia la viazi vya mathe.

Siku nitaona karatasi imebandikwa pale stejini, "Nyumba ya kukodisha, maji ndani, stima tokeni, rafu tatu," nitakuja kununua hivyo vikapu kumi. Nitakuwa na pa kuviweka.