Pampu ya samaki wa sebuleni

Msomaji, kama una tangi la kioo la samaki sebuleni, au umeanza kulitamani baada ya kuliona katika hoteli fulani, kuna swali utakalokutana nalo dukani: ununue pampu gani? Nasema ile inayokaa katika tangi dogo la chini, ndani ya kabati, maji yanakochujwa. Kazi yake ni kuyarudisha juu kwa samaki. Ikizima, uchafu hubaki nao na hewa majini hupungua saa baada ya saa.

Muuzaji atakuonyesha nambari iliyo kwenye boksi: lita 2,500 kwa saa. Hakudanganyi, lakini nambari hiyo ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Tafuta nambari ya pili, ile ya mita. Boksi likisema mita 2, maana yake ni kwamba kwenye kimo hicho halitoki hata tone. Tangi likiwa juu ya kabati, maji hupanda kama mita moja na nusu, na hapo zile lita 2,500 huenda zisifike nusu. Kila kona ya paipu nayo hula sehemu yake.

Kwa hivyo nenda na ndoo. Tangi la urefu wa futi 4, upana futi moja na nusu na kina futi moja na nusu hubeba lita 255 hivi. Yafaa maji hayo yazunguke mara nne au tano kwa saa, yaani lita 1,000 hadi 1,300. Mwambie muuzaji aitie pampu ndani ya pipa la maji, ainue paipu mita moja na nusu, na maji yaingie kwenye ndoo yako ya lita 20. Ikijaa kwa dakika moja, hizo ni lita 1,200 kwa saa. Akikataa, maduka ni mengi.

Wakazi wa huku tuna shida ambayo mtu wa Mombasa haijui. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na Bungoma kama 1,400. Hewa ni nyepesi, na maji ya Kitale hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya pwani yenye joto lile lile. Baridi ya Kitale husaidia kidogo, kwa kuwa maji baridi hushika oksijeni zaidi; ukiyapasha moto kwa ajili ya samaki wa nchi za joto, msaada huo umekwenda. Elekeza mdomo wa paipu karibu na uso wa maji ili uyatikise. (Kule Bungoma, wageni wengine wakiona ngege sebuleni huuliza ataliwa lini!)

Sasa tuje kwenye stima. Mnamo Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia mtambo katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Agosti 25, 2023 giza likarudi karibu kote, mahali pengine hadi siku ya pili. Mimi sinunui pampu ambayo haijazimwa na kuwashwa mara kumi mbele yangu. Ziko zinazokwama na kunguruma tu stima inaporudi, ilhali wewe uko shambani au kazini.

Stima ikipotea, maji ya juu nayo hurudi chini kupitia paipu ile ile hadi mdomo wake uvute hewa. Katika tangi tulilotaja, kila inchi moja ni lita 14. Mdomo ukizama inchi tatu, lita 42 zitashuka, na kama tangi la chini halina nafasi, zulia litazinywa. Toboa tundu dogo kwenye paipu, chini kidogo ya uso wa maji. Valvu ya kuzuia maji yasirudi usiitegemee peke yake, kwani konokono mdogo aweza kuishikilia wazi.

Kuhusu gharama, pampu ya wati 25 ikifanya kazi usiku na mchana hula uniti 18 kwa mwezi. Kati ya yenye vitufye vingi na ya kawaida ambayo panga lake la ndani laweza kununuliwa peke yake, chukua ya kawaida. Kila mwezi ichomoe, ifungue, na kama ina magamba meupe iloweke katika siki kisha uisuuze vizuri. Waya wake uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondokee sakafuni yasiingie kwenye stima. Na kabla ya kutia mkono majini, chomoa kila kitu. Watoto waambie hivyo hivyo.

Usiku wa giza usiwape samaki chakula. Chota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu, dakika chache kila nusu saa, na mpokezane na watoto wakubwa.